Anayemwita Eliza

Sabra Mbaraka alikuwa akisahihisha madaftari ya biolojia pale ujumbe ulipoingia kwenye simu yake kumwarifu kwamba amechaguliwa. Aliusoma, akausoma tena, kisha akatoka nje ya ofisi ya walimu akacheka peke yake barazani.

Taasisi moja ndogo inayotunza misitu ya Usambara ilikuwa imekarabati nyumba kuukuu ya mawe juu ya Kwai na kuigeuza makazi ya waandishi. Kila mwaka iliwachagua wachache, wakaja mmoja mmoja, wakapewa chumba, chakula na wiki sita za kutembea msituni na kuandika habari za miti, maji, wanyama na watu wanaoishi navyo. Mwishoni mwandishi aliwasomea wanakijiji na wageni kile alichokipata. Sabra, mwalimu wa Morogoro aliyekuwa akiandika makala za mazingira kila alipopata nafasi, aliomba kwa ajili ya mkulo, ule mti mkubwa wenye mbao za kunukia uliokatwa miaka nenda miaka rudi hadi mikongwe yake ikabaki ya kutafutwa. Alitaka kuandika juu ya ile iliyobaki imesimama, na ile iliyoanguka yenyewe.

Alifika mwishoni mwa masika. Edgar, msimamizi wa makazi yale, alimpokea stendi ya Lushoto na gari lililojaa matope hadi kwenye vioo, na njia nzima alikuwa akimwonyesha mahali ambapo mvua za mwaka huo zilikuwa zimekata barabara.

"Udongo umelegea kila mahali," alisema. "Tembea utakavyo, dada Sabra, lakini ukungu ukishuka, rudi. Usiubishie."

Mlangoni alisimama mpishi wa nyumba, mwanamke mrefu wa miaka hamsini na kitu, amevaa sweta ya kijani juu ya kanga. Wote walimwita Mama Nathanaeli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Baridi utaizoea."

"Na ukungu?"

Mama Nathanaeli alichukua begi lake. "Ukungu hauzoeleki," alisema.

Ilikuwa kweli. Asubuhi jua liliwaka juu ya mashamba ya kabichi na viazi, ng'ombe wa maziwa wakalia mabondeni, na msitu nyuma ya nyumba ukaonekana kama msitu wa kawaida, na mbega wakirukaruka juu kabisa. Alasiri mambo yalibadilika. Ukungu ulishuka mitini taratibu, ukavuka ua, ukaingia hata dirishani na kukaa chumbani. Nguo hazikukauka. Karatasi zililainika mkononi. Ndege walinyamaza wote kwa pamoja, na kilichobaki kilikuwa matone ya maji yakidondoka kutoka jani hadi jani.

Ni katika ukimya huo ndipo Sabra aliposikia mtu akiita.

Alikuwa amekaa barazani na kikombe cha chai ya tangawizi. Sauti ilitoka juu, msituni, sauti ya mwanamke. "Eliza!" Ilianza chini, ikapanda, ikavutwa mwishoni kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Ikatulia. Ikarudi. "Eliza!" Sabra alidhani ni jirani anamtafuta mwanawe. Kesho yake saa ile ile akaisikia tena, na keshokutwa. Hakuna aliyeitika.

Akaenda jikoni. Mama Nathanaeli alikuwa akimenya viazi karibu na jiko la kuni.

"Mama, Eliza ni nani? Kuna mtu anamwita kila siku huko juu, na mwenyewe haitiki."

Kisu kilisimama katikati ya kiazi.

"Umesikia nini?"

"Mwanamke anaita."

"Anaitaje? Hebu ita kama anavyoita."

Sabra aliona haya kidogo, lakini akaita, kwa sauti ya chini, akijaribu kuupandisha mwisho wake. Mama Nathanaeli aliweka kisu chini. Alitazama mlango, kisha akamtazama Sabra kwa muda mrefu, na Sabra akaona macho yake yamejaa machozi.

"Eliza ni mimi," alisema. "Hilo ndilo jina langu. Hakuna mtu hapa aniitaye hivyo tena. Na huyo ni mdogo wangu, Raheli. Aliingia msituni kuokota kuni siku moja ya ukungu, mimi nikiwa nimempeleka mwanangu hospitali Bumbuli. Hakurudi. Sasa ni miaka tisa."

Sabra alihisi baridi ikimpanda mgongoni.

"Nilidhani ni kichwa changu," Mama Nathanaeli aliendelea. "Edgar hasikii. Mlinzi hasikii. Waandishi wote waliopita humu, wenye vinasa sauti vya kurekodia ndege, hawakusikia. Nilijua nikisema, wataniletea watu wa maombi waje kuifukuza. Nikanyamaza. Nikaomba kazi katika nyumba hii kwa sababu hapa ndipo inasikika vizuri." Akafuta uso kwa upindo wa kanga. "Mungu amenipa shahidi."

Tangu siku ile wakawa wanakaa wote wawili. Ukungu ulipovuka ua, Mama Nathanaeli aliepua vyungu, wakatoka kwenye ngazi ya nyuma ya jiko, wakajifunika shuka moja, wakasikiliza. Sabra aliogopa. Aliogopa zaidi kwamba alianza kuingoja saa ile. Alijaribu kurekodi kwa simu, na aliposikiliza baadaye alikuta matone tu na pumzi yake mwenyewe. Siku moja aliamua kuifuata. Alipanda hadi kwenye ukingo wa msitu, na sauti ikawa nyuma yake, upande wa nyumba. Aliporudi ikawa tena juu.

"Usijisumbue," Mama Nathanaeli alimwambia. "Nimeifuata miaka yote. Ukiisogelea inakupita."

"Kwani umewahi kuitika?"

"Niliitika hadi nikakauka koo. Hasikii. Yeye anaita tu."

Pale kwenye ngazi Sabra alimfahamu Raheli. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya usharika, mwenye kicheko kisichojua mahali pa kucheka. Alibeba mzigo wa kuni ambao wanaume waliutazama wakakaa kimya. Alipopotea, kijiji kizima kilimtafuta, kisha kikachoka, kisha maneno yakaanza. Kulikuwa na dereva wa lori la mbao aliyekuwa akipita Kwai, naye aliacha kuja wiki ile ile. Watu wakaunganisha. Mama yao, Bi Jenoveva, aliyekuwa akiishi Mponde na kuchuma chai, aliamini kwamba binti yake alimtoroka mume na mtoto akaenda kuishi Tanga na mwanamume. Alikataza jina la Raheli lisitajwe ndani ya nyumba yake. Mtoto huyo, Evelina, alilelewa na bibi yake katika kukatazwa huko, na sasa alikuwa kidato cha tatu.

"Wewe hukuamini?" Sabra aliuliza.

"Mtu aliye Tanga hawezi kuniita kutoka hapo juu."

Kazi yake aliyoijia Sabra aliifanya asubuhi. Alitembea na ramani aliyopewa na Edgar, akitafuta mikulo, akigusa magome yake, akiandika. Asubuhi moja yenye jua alivuka kijito akafika mahali ambapo mvua zilikuwa zimebomoa kingo za korongo. Mkulo mkubwa ulikuwa umeng'oka na kipande kizima cha mlima. Ulilala kichwa chini bondeni, na mizizi yake ilisimama hewani kama ukuta, juu kuliko paa la nyumba, udongo mwekundu bado ukidondoka. Harufu yake ilijaa korongo zima.

Sabra alifurahi. Alitoa kalamu, akaanza kuichora ile mizizi. Kalamu ilipofika upande wa kushoto aliona kitambaa. Kilikuwa kimefifia hadi hakina rangi, kimeviringana na mzizi kana kwamba mzizi umekivaa. Karibu nacho palikuwa na panga lenye kutu, mpini wake umefungwa waya wa shaba. Na chini ya panga kulikuwa na kitu cheupe ambacho mwanzoni alikiona kama mzizi mwingine uliochunwa ganda.

Sabra alikuwa mwalimu wa biolojia. Alijua mfupa wa mkono wa mtu ulivyo.

Hakugusa kitu. Aliteremka mbio, akianguka na kuinuka, akamkuta Mama Nathanaeli nje akiosha mboga.

"Panga la Raheli," alisema akihema. "Mpini wake ulikuwaje?"

Mama Nathanaeli hakuuliza kwa nini. Mikono yake ilibaki ndani ya maji.

"Baba aliufunga waya wa shaba," alisema. "Ulikuwa umepasuka."

Sabra akamweleza. Alieleza kwa upole kadiri alivyoweza: ukingo ule, kama inavyoonekana, ulivyobomoka zamani na kumfunika, mti ulivyoendelea kukaa juu yake, mvua za mwaka huu zilivyoufunua. Mama Nathanaeli alisikiliza bila kulia. Sabra alipomaliza, yeye aliendelea kuosha majani, moja moja.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Nimekuja kwako kwanza."

"Basi iishie hapo."

"Mama!"

"Nisikilize, Sabra." Lilikuwa jambo geni kuitwa kwa jina lake. "Wakimtoa watamwimbia. Watamfukia, mchungaji atasema amepumzika, watu watakula pilau waende makwao. Mimi nitabaki na nini? Kila siku mdogo wangu ananiita kwa jina langu. Huko kwenu mtu akifa anafanya hivyo?"

"Mama yenu anaamini alitoroka."

"Mama aliamini alilotaka."

"Na Evelina? Anakua akijua mama yake alimkimbia."

Mama Nathanaeli alinyanyua karai la mboga, akalishika kifuani, maji yakilowesha sweta yake. "Nimekuomba," alisema. "Sijawahi kumwomba mtu." Akaingia ndani.

Alasiri hiyo Sabra alikaa kwenye ngazi peke yake. Mwenzake alibaki jikoni na mlango umerudishwa. Sauti iliita mapema kuliko kawaida, na haikutulia hata kidogo. Iliita mbele, ikaita nyuma, ikaita karibu sana, nyuma ya banda la kuni, hivi kwamba Sabra alisimama akageuka akitarajia kumwona mtu. Palikuwa na ukungu tu. Hakujua kama Raheli alikuwa akiomba atolewe au akiomba aachwe. Jina lilikuwa moja lile lile, nalo halikumwambia kitu.

Alimfikiria msichana wa kidato cha tatu ambaye hakumjua. Asubuhi alimwambia Edgar.

Mambo yakaenda haraka kama yaendavyo yakishaanza. Walikuja polisi na mtaalamu wa afya, wakaja vijana wa kijiji na majembe. Mama Nathanaeli alipanda nao. Alisimama ukingoni mwa korongo muda wote wa kazi, mikono nyuma, na kila mfupa uliowekwa kwenye shuka aliufuata kwa macho hadi ukafunikwa. Hakumtazama Sabra.

Mazishi yalifanyika Mponde, kwenye kiwanja cha familia kilichopakana na mashamba ya chai. Watu walijaa hadi barabarani, na wengi wao walikuwa wale wale waliosema habari za dereva wa lori. Kwaya iliimba, na mahali pa sauti ya pili palisikika pengo, ingawa labda Sabra alilisikia kwa kuwa alilijua. Bi Jenoveva, mzee mfupi mwenye vidole vyeusi vya utomvu wa chai, aliomba aletewe panga. Alipitisha kidole kwenye ule waya wa shaba.

"Nilimfungia mlango," alisema. "Miaka yote nimemfungia mlango mtu ambaye hakuwa na miguu ya kurudi."

Evelina alikuwa amesimama kando yake na sare ya shule. Alimshika bibi yake kiuno asianguke. Baada ya maziko alimfuata Sabra penye gari, akampa mkono, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mwalimu. Wameniambia ni wewe." Akageuka kulitazama kaburi. "Sasa nikiulizwa mama yako yuko wapi, nina pa kuonyesha."

Njia nzima ya kurudi Kwai Sabra aliyarudia maneno hayo moyoni, kama mtu anayejikinga na baridi.

Kesho yake ukungu ulishuka kama kawaida. Mama Nathanaeli aliepua vyungu, akatoka, akakaa kwenye ngazi. Sabra alisita mlangoni, kisha akakaa karibu naye. Ndege walinyamaza. Matone yakaanza. Walingoja. Msitu wote ulikuwa kama sikio lililogeuziwa upande mwingine. Ukungu ulisimama uani, ukakaa, ukaanza kuinuka, na hakuna aliyeita.

"Sikiliza," Mama Nathanaeli alisema.

"Sisikii kitu, mama."

"Ndiyo. Hicho ndicho ulichonifanyia."

Siku zilizobaki alimhudumia Sabra bila kosa. Chai ilikuja ya moto, maharage yaliungwa vizuri, kitanda kilitandikwa. Lakini alikuwa akiweka sahani mezani kama mtu anayeiweka mbele ya kiti kitupu. Alasiri aliendelea kutoka na kukaa. Sabra alimwona kutoka dirishani, kichwa kimeinama upande, mdomo wazi kidogo, na akajikuta naye amesimama vilevile, akisikiliza. Ukimya ule ulikuwa mzito kuliko sauti. Sauti ilikuwa na mahali pa kutokea. Ukimya ulitoka kila mahali.

Siku ya kusoma watu walikuja wengi, wakaketi kwenye mabenchi ya kanisa yaliyoazimwa. Sabra alisoma kuhusu mkulo: jinsi unavyochipua kutoka kwenye mizizi ya mti uliokatwa, jinsi harufu yake inavyodumu kwenye kabati la nguo miaka na miaka, jinsi mmoja ulivyoanguka na mlima wake mwaka huu. Kilichokuwa kimeshikwa na mizizi hakukisoma. Kila mtu pale alikijua. Walipiga makofi, na Edgar alisema ni usomaji bora kuliko wote aliopata kuusikia pale. Mama Nathanaeli alipita na sinia la vikombe, akamwekea Sabra chai yake, akaendelea na mabenchi mengine.

Waliagana asubuhi, gari likiwa linawashwa.

"Nisamehe, mama," Sabra alisema.

Mama Nathanaeli alilifunga vizuri begi lake, akalisukuma ndani ya gari.

"Hukukosea," alisema. "Mama yangu amemfungulia Raheli mlango, na yule mtoto anatembea ameinua uso. Hukukosea. Lakini usitake niseme asante."

Baada ya wiki chache Sabra akapata habari kutoka kwa Edgar kwamba Mama Nathanaeli ameacha kazi, amehamia Bumbuli kwa mwanawe. Aliandika makala yake, ikachapishwa, ikapendwa. Alirudi darasani. Akawa mtu wa kunyamaza ghafla katikati ya somo na kuinamisha kichwa upande, hadi wanafunzi wakaanza kumwiga.

Kisha alasiri moja ya kiangazi simu ililia.

"Ni mimi, Mama Nathanaeli."

"Shikamoo, mama! Habari za Bumbuli?"

"Marahaba. Nzuri." Nyuma ya sauti yake Sabra akasikia kuku. "Nimeanza kumsahau. Uso ninao, picha yake ya kipaimara ipo ukutani. Sauti ndiyo inanitoka. Naijaribu mwenyewe, haiji. Mtu hawezi kujiita." Akakohoa. "Ni wewe tu uliyeisikia. Niitie."

Sabra alitoka uani, akasimama kati ya kamba za nguo. Jua la Morogoro lilikuwa kali. Aliisogeza simu mbali na mdomo, akaita.

"Siyo," ilisema simu. "Unaita kama mwalimu anayeita mwanafunzi. Yeye alianza chini."

Akaita tena.

"Bado. Usiikate mwisho. Iache iende."

Mama wa nyumba ya pili alichungulia juu ya ukuta. "Unamwita nani, mwalimu?"

"Mtu wa mbali," Sabra alijibu.

Ikawa desturi yao. Mama Nathanaeli alipiga kila alasiri alipopata salio. Hawakuongea mengi. Alisalimiwa, akaitika salamu, akangoja, na Sabra akaita, naye akamsahihisha, juu kidogo, polepole, sasa umeipita. Majirani walizoea. Baadhi walisema mwalimu amerudi na kitu kutoka milimani.

Siku moja mawingu yalitanda juu ya Uluguru na upepo ukapoa. Sabra alisimama uani akaita bila kufikiri, kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kwenye mitihani ya wanafunzi. Sauti ilianza chini, ikapanda, ikavutwa, ikaondoka juu ya mapaa. Alipoisikia ikienda, nywele za mikono yake zilisimama. Alijua hakuna cha kusahihisha.

Kwenye simu palikuwa kimya. Hata kuku hawakusikika.

"Nipo, Raheli," ilisema sauti ya Mama Nathanaeli, laini, karibu sana na sikio lake. "Nipo hapa, mdogo wangu. Sema."

Sabra alisimama ameishika simu kwa mikono miwili, nguo zikipepea kandokando yake. Alitaka kusema, mama, ni mimi. Alifungua mdomo, akaufunga, kwa kuwa hakuwa tena na hakika ni sauti ya nani ingetoka.